Nani Atakwenda Harusini

Fomu ilikuwa na maswali manane, na la sita liliuliza: tangu ujiunge na warsha hii, kujiamini kwako kumeongezeka kwa kiasi gani? Chini yake palikuwa na visanduku vitano, kuanzia "hakujaongezeka kabisa" hadi "kumeongezeka sana". Nilikuwa na miaka 16. Nilitia alama kwenye "sana" kwa sababu aliyetugawia fomu alikuwa mtu mwema, alitununulia soda kila Jumamosi, na sikutaka kumvunja moyo. Nikarudisha kalamu, nikaenda kuegemea ukuta kuwatazama wavulana wakipakia ngoma kwenye gari. Walikuwa wanakwenda kupiga harusini, Fuoni. Sisi wasichana tulikuwa tumeshapewa vyeti.

Fomu ile imenirudia mwaka huu ninapoandika pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili. Ninasoma historia, na nimechagua kuandika juu ya vikundi vya muziki vya Unguja na namna vilivyowalea vijana. Msimamizi wangu, mzee asiyependa maneno mengi, alisoma kurasa zangu za kwanza akaandika pembeni kwa penseli: "Kujiamini utakupimaje?" Nilikaa na swali hilo wiki mbili. Visanduku vitano nilishaviona, na nilishavidanganya.

Warsha yetu ilifanyika Ng'ambo, kwenye ua wa nyuma wa skuli, miezi minne. Tulifundishwa kidumbak. Kwa asiyeijua, ni ngoma mbili ndogo zenye umbo la kikombe, cherewa za kutikisa, mkwasa, fidla, na sanduku, ambalo kwa asili ni kasha la chai lililopinduliwa, likatiwa fimbo na kamba, likawa besi. Watu wa taarab kubwa, wenye kanuni na udi na safu ya fidla, kwa muda mrefu wameitazama kidumbak kama mdogo wao asiyevaa viatu. Hata jina lake jingine, kitaarab, lina udogo ndani yake. Lakini ulizia vizuri, utakuta wengi waliokuja kukaa kwenye viti vya taarab walianzia kidumbak, harusini, chini ya turubai, wakipiga mpaka vidole vikafanya malengelenge.

Mimi nilikwenda kule na kigugumizi. Kilianza nikiwa darasa la tatu, au ndivyo ninavyokumbuka: mwalimu mmoja alinisimamisha nisome, nikakwama kwenye neno moja, akaniigiza, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kujua jibu na kunyamaza. Mama alisikia habari za warsha kwa jirani akanipeleka, nadhani kwa sababu ilikuwa bure.

Mwalimu wetu tulimwita Maalim. Hakuniuliza jina, na hilo peke yake lilitosha kunifanya nimpende, maana jina langu linaanza kwa herufi inayonisumbua. Alinipa vijiti viwili.

"Huu mkwasa," akasema. "Ukipotea wewe, tumepotea sote. Usikimbie, usilale."

Nilitaka fidla. Kila mtu alitaka fidla. Nikagonga vijiti, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kisha siku moja mama alinituma Darajani, nikachelewa karibu nusu saa. Nilipoingia uani niliwakuta wamekaa kimya, vyombo mapajani. Nikadhani pametokea jambo.

"Tunakungoja wewe, mwanangu," Maalim akasema. "Tutaanzaje bila mkwasa?"

Sikumbuki kama mtu yeyote alikuwa amewahi kuningoja kabla ya siku ile, isipokuwa kwa ajili ya kunigombeza. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika jambo hilo.

Nilipoanza kusoma vitabu kwa ajili ya tasnifu, nilijikuta ninatafuta mle mle: nani alingojwa, na kwa kazi gani. Terence Ranger alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya ngoma ya beni, na nilikisoma nikiwa na shaka, maana ngoma yenyewe inaonekana kama mzaha. Miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu walianza kuiga bendi za kijeshi za Wazungu. Neno beni lenyewe limetoka kwenye "bendi". Wakapata tarumbeta na ngoma kubwa, wakashona sare, wakapiga gwaride barabarani. Ngoma hiyo ikashuka pwani yote, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake ikafuatana na askari na wapagazi hadi bara. Vyama viwili vilipata umaarufu kuliko vingine, Marini na Arinoti, na upinzani wao uligawa miji.

Kilichonishika ni vyeo. Ndani ya beni walikuwamo wafalme, majenerali, madaktari. Mtu aliyeitwa boi kutwa nzima na bwana wake, jioni alivaa koti lenye vifungo vinavyong'aa na wenzake wakampigia saluti. Maofisa wa kikoloni mwanzoni walicheka, halafu wakaingiwa na wasiwasi, wakaanza kuandika ripoti. Walichoshindwa kukiona, au walichokiona na kukiogopa, ni kwamba cheo kile hakikuwa mchezo mtupu. Wanachama walitoa michango, waliuguzana, walizikana. Jenerali wa beni alikuwa na watu wanaomtegemea. Ningempa fomu yangu ajaze swali la sita, sijui angejibu nini. Pengine angeniuliza mchango wangu wa mwezi uko wapi.

Upande wa Unguja hadithi huanzia ikulu. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri kiasi cha kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Nadi Ikhwan Safaa, chama ambacho mpaka leo kipo na kinapiga. Ikhwan maana yake ndugu, wa kiume. Nilipita juu ya neno hilo mara nyingi kabla halijanisimamisha.

Na Siti binti Saad? Kwake lazima nitulie, ingawa kila mwanafunzi wa Kiswahili anadhani anamjua kwa sababu ya Wasifu wa Shaaban Robert. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, wakati utumwa ungali halali Unguja (hukumu ya kuufuta ilikuja 1897), na jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akawa anavitembeza na kuvinadi. Karibu mwaka 1911 akahamia mjini. Kufika 1928 alikuwa Bombay, anaimba kwenye santuri kwa Kiswahili, na santuri zile zikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki.

Watu husimulia safari hiyo kama muujiza wa sauti. Mimi nadhani sauti ni nusu yake. Laura Fair, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja, ameeleza jinsi Siti na wenzake, kina Subeti, Mbaruku, Buda na Maalim Shaaban, walivyokuwa wakikusanyika usiku Ng'ambo, wakizungumza habari za siku ile, mahakama iliamua nini, nani kaonewa, na nyimbo zikatoka humo. Wimbo wa "Kijiti" ulihusu mtu aliyemuua mwanamke akakimbia, huku adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Hebu fikiria: mji ambao hakimu ni Mwingereza, sheria imeandikwa kwa lugha ya wengine, na watu wa Ng'ambo wanakaa barazani kusikiliza kesi ikihukumiwa upya kwa fidla na udi. Siti hakusimama peke yake akawa jasiri. Palikuwa na watu wanne au watano waliomngoja kila usiku afike ili kazi ianze, na mtaa mzima nje uliongoja kusikia. Walipomtungia nyimbo za kumkejeli kwa asili na sura yake, aliwajibu kwa wimbo. Mtu hajibu hivyo akiwa peke yake.

Lakini tazama tena majina yale ya wapigaji. Yote ya wanaume. Wanawake walipoanzisha vikundi vyao wenyewe vya taarab, waliimba wao, walishona sare wao, waligombana na kikundi cha mtaa wa pili wao, na mara nyingi vyombo wakapigiwa na wanaume. Bibi yangu mzaa mama aliimba kwenye kikundi kimoja cha namna hiyo ujanani mwake, kwa muda mrefu, akiwa miongoni mwa waitikiaji. Nilipomhoji kwa ajili ya tasnifu (nilikuwa na kinasa sauti, naye alikuwa anachambua mchele) nilimuuliza kama aliwahi kutaka kupiga fidla.

"Fidla? Nani angenipa?" Akacheka. Kisha mkono ukasimama juu ya ungo. "Nimeisikia miaka ishirini, mgongoni kwangu. Sisi tunakaa mbele, wao nyuma. Ukigeuka kuwatazama, watu watasema."

Nimeisikiliza sehemu hiyo ya mazungumzo mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Mambo yamebadilika, na si haki kusema hayajabadilika. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifunguliwa kwenye jengo la zamani la forodha, Mji Mkongwe, na wasichana wakaanza kukaa na kanuni na fidla darasani pamoja na wavulana. Mwaka 2009 Mariam Hamdani akaanzisha Tausi, kikundi cha taarab ambacho wanawake ndio wanaoimba na ndio wanaopiga. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago maisha yake yote na hakuna aliyethubutu kumwambia ngoma si yake. Hata hivyo ngoma ya unyago hupigwa ndani, mbele ya wanawake. Swali la harusi, la usiku, la gari lenye wanaume sita na vyombo vyao, ni swali jingine.

Siku ile ya vyeti nilimwomba mama ruhusa ya kwenda Fuoni. Nilijitahidi, sentensi ikatoka nzima bila kukwama, na pengine hiyo ndiyo ingekuwa takwimu waliyoitafuta wafadhili.

"Mtoto wa kike, usiku, na wapiga kidumbak?" mama akasema. "Utarudi saa ngapi? Na watu waseme nini?"

Warsha ikaisha fedha zilipoisha. Wavulana waliitwa kwenye harusi nyingine, na nyingine. Wawili kati yao sasa wanaishi kwa kupiga. Mkwasa alipewa mpwa wa Maalim.

Kwa miaka nilimlaumu mama. Mwaka jana, nikiwa nakusanya habari za tasnifu, nilikwenda kwa Maalim. Amezeeka, macho yamepungua nuru. Nikamsalimu shikamoo, akaitika marahaba na kunitambua kwa sauti, au kwa kule kusita kabla ya jina langu, hakuniambia. Tulizungumza saa nzima juu ya nani alimfundisha nani. Mwishoni nikamuuliza nililokwenda kuuliza.

"Maalim, mbona hukuja nyumbani kuniombea kwa mama? Ulikuja kwa kina Juma. Baba yake pia alikataa."

Alinyamaza muda mrefu. Aliokota kipande cha kamba sakafuni akakizungusha kidoleni.

"Sikuthubutu, mwanangu," akasema. "Ningesemwa. Mwanamume mzima anakwenda kumwombea mtoto wa kike wa watu atoke usiku. Nilisimama pale kwenye kona ya kwenu mara mbili. Nikarudi."

Sikujua kwamba alikuja mpaka kwenye kona.

Nikiandika haya kama historia, lazima niseme kwamba mtu huyu alinifundisha kuhitajiwa, kisha hakuweza kuvuka hatua 20 za uchochoro. Hakuna kisanduku kwenye fomu cha kujiamini kwa mwalimu. Sikuona hata kitabu kilichouliza. Nimefuta sehemu kubwa ya pendekezo langu na kuanza upya: nataka kujua, kwa kila kikundi nitakachokifikia, nani alipanda gari, nani alibaki, na nani alikwenda kuzungumza na wazazi. Msimamizi wangu ameandika pembeni, "Hili linahojika." Kwake hizo ni sifa.

Maalim anafundisha tena, uani kwake, baada ya sala ya alasiri. Hakuna fomu wala soda. Wapo wavulana watano na wasichana watatu, na mmoja wa wasichana, mwenye miaka 14, ndiye anayevuta kamba ya sanduku, kwa nguvu, akiwa ameng'ata ulimi. Jumamosi wana harusi Bububu. Safari hii mke wa Maalim ndiye aliyezunguka kwa wazazi, nyumba kwa nyumba, na mama wa yule wa sanduku amekubali kwa sharti kwamba naye apande gari. Nafasi haitoshi. Wamekubaliana sanduku lifungwe juu ya paa, na mimi nimetumwa Darajani kununua kamba.