Ufyonzaji Hafifu: Istilahi ya Anayekula na Kukonda

Nyanungu, huko Tarime, ni nchi ya Wakurya, watu wa jembe na ng'ombe. Mtoto wa huko akila ugali wake wa wimbi na muhogo, akanywa maziwa, na bado akakonda, jina linalokuja haraka ni utapiamlo. Neno hilo lina mlo ndani yake, kwa hiyo lawama huenda moja kwa moja kwenye chungu cha mama. Lakini chakula kinaweza kuingia tumboni na kisiingie mwilini. Hali hiyo inastahili jina lake.

Wapo wanaotumia unyonyaji. Tangu Azimio la Arusha la 1967, Mtanzania akilisikia neno hilo humfikiria bepari na kupe, si utumbo. Wapo wanaopendelea kusharabu, lakini hilo ni la sifongo na maji: sifongo haichagui, ilhali utumbo mwembamba huchagua. Linabaki fyonza. Vitabu vingi vya shule husema ufyonzwaji, kwa kutazama chakula kinachotendwa. Mimi nachagua ufyonzaji, kwa sababu mtenda ni utumbo, na ndio unaopaswa kuchunguzwa. Nikiongeza hafifu, napata kipimo: kazi inafanyika, ila haitoshi.

Istilahi hii isichanganywe na mmeng'enyo. Kumeng'enya ni kukivunjavunja chakula. Kufyonza ni kukipitisha kwenye ukuta wa utumbo hadi kwenye damu. Kongosho likiugua au nyongo ikiziba, mafuta hayavunjwi, na yasiyovunjwa hayafyonzwi. Sukari ya maziwa nayo lazima ivunjwe kwanza. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana badiliko la jeni, tofauti na lile la Wazungu, linalowawezesha kuimeng'enya hata ukubwani. Asiye nalo hujaa gesi na kuhara akinywa maziwa mabichi, lakini mtindi humsumbua kidogo, maana bakteria wamekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo.

Mara nyingine ukuta wenyewe ndio ulioharibika: kwa kimelea cha jiadia, kwa kifua kikuu cha utumbo, kwa maradhi nyemelezi ya UKIMWI, au kwa uchafu wa mazingira unaomezwa siku hadi siku. Dalili za ufyonzaji hafifu zina maneno ya kutosha. Choo huwa kingi, chenye mafuta na harufu kali, tena huelea. Damu hupungua kwa kukosa madini ya chuma, foliki au vitamini B12. Miguu huvimba kwa upungufu wa protini. Macho hushindwa kuona gizani kwa kukosa vitamini A.

Uchunguzi huanza na maswali, kisha choo chini ya darubini, tena zaidi ya mara moja, kipimo cha damu na cha VVU. Hospitali kubwa huweza kuchukua kinyama cha utumbo. Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa kituo cha Tanzania katika MAL-ED, utafiti wa utapiamlo na maradhi ya utumbo kwa watoto uliofanyika katika nchi nane kuanzia 2009. Watoto walinyweshwa sukari mbili, laktulosi na manitoli, kisha mkojo wao ukapimwa. Manitoli ni ndogo, hupenya utumbo ulio mzima. Laktulosi ni kubwa, haipaswi kupita kwa wingi. Manitoli ikipungua, ufyonzaji ni hafifu; laktulosi ikizidi, ukuta unavuja. Utafiti huo ulikuta vimelea vingi hata kwa watoto wasioharisha, na maambukizi hayo ya kimyakimya yalihusishwa na kudumaa.

Ndiyo maana naliombea neno hili nafasi katika zahanati na madarasa yetu. Utapiamlo hutufanya tuulize mtoto amekula nini. Ufyonzaji hafifu hutufanya tuulize pia choo chake kikoje na maji anayokunywa yanatoka wapi. Mama akiwa amekwisha kujibu swali la kwanza, tusimrudishe nyumbani kabla ya kuuliza hayo mawili.