Mhakiki Aliyerudi Kutazama Tena: Kisa cha "Bonnie and Clyde"

Tumefundishwa kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Kuwahakiki wahakiki, hilo tunalikwepa, labda kwa sababu nasi tumo kundini. Katika makala haya nataka kueleza kisa cha filamu moja ya Kimarekani, Bonnie and Clyde, iliyotoka mwaka 1967, na yaliyowapata watu waliokuwa na kazi ya kuihukumu. Ninayo sababu yangu ya kukichagua kisa hiki, na nitaitaja kabla sijaweka kalamu chini.

Kwanza wahusika wenyewe. Bonnie Parker na Clyde Barrow walikuwa watu kweli, vijana wa Texas walioiba na kuua katika miaka ya anguko kuu la uchumi, mpaka polisi walipowavizia barabarani huko Louisiana tarehe 23 Mei 1934 na kuwamiminia risasi. Ujambazi wao haukuwa wa kutajirisha mtu. Mara nyingi waliibia vituo vya petroli na maduka madogo. Lakini walipenda kujipiga picha. Mwaka 1933 polisi walivamia maficho yao mjini Joplin, Missouri, wakazikuta picha hizo, na magazeti yakamchapa Bonnie akiwa na sigara nene mdomoni na bastola mkononi. Isitoshe, alikuwa akitunga mashairi juu ya maisha yao, nayo yakachapwa magazetini. Kwa hiyo hata kabla Hollywood haijawagusa, wenyewe walikwisha kujitungia hadithi.

Mswada wa filamu uliandikwa na Robert Benton na David Newman, vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi katika jarida la Esquire na ambao walikuwa wamelewa sinema mpya za Kifaransa. Walimtaka François Truffaut aiongoze, hakuichukua. Mwishowe mwigizaji Warren Beatty aliununua mswada ule, akajipa nafasi ya Clyde, akamtafuta Arthur Penn awe mwongozaji na Faye Dunaway awe Bonnie. Waliipiga kwenye miji midogo ya Texas. Mavazi yalibuniwa na Theadora Van Runkle, na hapo ndipo ilipoanza ile bereti ya Bonnie ambayo baadaye wasichana wa London na Paris waliivaa kana kwamba ujambazi ni fasheni.

Tukiingia kwenye maudhui, tukio ninalolirudia kichwani si la risasi nyingi. Clyde na Bonnie wamelala kwenye nyumba tupu ya shambani. Asubuhi anatokea mkulima na familia yake juu ya gari lililojaa vyombo. Benki imemnyang'anya nyumba, amekuja kuiaga. Clyde anampa bastola. Mkulima anapiga bango la benki, kisha anamwita mzee Mweusi aliyefanya naye kazi, naye anapiga dirisha. Basi, hapo Clyde anasema kwamba wao huibia mabenki, ilhali bado hawajaibia hata moja! Anajikweza tu mbele ya wanyonge. Ukitaka utabaka, umo; lakini filamu haikuhubirii, inakuonyesha kijana anayejipa ukubwa asiokuwa nao.

Fani yake ndiyo iliyowachanganya watu. Inachekesha. Muziki wa banjo unakimbia, magari yanakimbia, unacheka. Kisha katika wizi mmoja kijana wao wa gari, C.W. Moss, anaegesha gari mahali pa kubana, kutoka hawezi, na mtumishi wa benki anarukia ubavuni mwa gari. Clyde anampiga risasi ya uso kupitia kioo. Kicheko kinakukwama kooni, na hujui kama uone aibu au la. Na mwisho wake! Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kanuni: stelingi hafi. Hapa mastelingi wote wawili wanakufa, tena kwa mwendo wa polepole, miili ikitikisika kwa risasi, na Dede Allen, mhariri wa picha, amezikata na kuziunganisha hivi kwamba muda wenyewe unavunjika vipande. Tukio lote halifiki hata dakika mbili. Halafu kimya. Niliitazama bwenini kwenye kompyuta ya mwenzangu, na hakuna aliyesema neno mpaka mtu alipoinuka kuwasha taa.

Filamu ilionyeshwa kwanza Montreal mwanzoni mwa Agosti 1967, kisha New York katikati ya mwezi huohuo. Bosley Crowther wa New York Times aliiponda vibaya. Kwake ilikuwa kichekesho cha bei rahisi kilichowafanya wauaji waonekane watoto watundu, na damu yake haikuwa na maana wala adabu. Wasomaji wakamwandikia barua za kupinga. Naye akairudia hoja yake, tena kwa ukali.

Ni rahisi kumcheka Crowther, na wengi humcheka. Mimi sitamcheka. Alikuwa mhakiki mkuu wa gazeti lile tangu 1940, na hakuwa mtu wa kupiga marufuku vitu. Makanisa na wakubwa wa New York walipoiandama filamu ya Rossellini, The Miracle, yeye aliitetea, na kesi ile ndiyo iliyoifikisha Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1952, kukubali kwamba filamu nayo inalindwa na uhuru wa kusema. Aidha, tukumbuke aliandika lini. Julai 1967 mji wa Detroit uliwaka moto na watu 43 wakafa; Vietnam ilikuwa ikiingia sebuleni kila jioni kwa televisheni. Mzee anaogopa damu kugeuzwa mchezo. Je, swali hilo ni la kijinga? Tatizo lake ni kwamba aliiona damu, hakuona jinsi filamu yenyewe inavyoigeuza shingo ya mtazamaji imlazimishe kuitazama. Katika vipimo vyetu vya darasani tungesema alitenga maudhui na fani, akahukumu kimoja.

Sasa twende kwa mtu ninayemtaka, Joe Morgenstern wa Newsweek. Naye aliiponda, katika toleo la Agosti 21. Lakini kuna kitu kilimsumbua. Mwisho wa wiki akaenda tena, mara hii na mkewe, mwigizaji Piper Laurie, akaketi katikati ya watazamaji wa kawaida waliolipa kiingilio. Ukumbi ulikuwa ukipiga kelele, ukicheka, ukinyamaza. Kumbe alikuwa ameikosa filamu nzima! Wiki iliyofuata, katika gazeti lilelile, akaandika uhakiki mwingine akikiri kwamba ule wa kwanza haukuitendea haki kazi ile. Hakumsingizia mhariri, hakusema alinukuliwa vibaya.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Roger Ebert, kijana wa miaka 25 aliyekuwa na miezi michache tu kazini huko Chicago, aliisifia bila kuuma maneno. Pauline Kael aliandika insha ndefu ambayo The New Republic iliikataa. The New Yorker wakaichapa mwezi Oktoba, na mwaka uliofuata wakamwajiri. Kael hakutetea tu. Alilinganisha na filamu za zamani zilizotumia kisa hiki, ikiwemo You Only Live Once ya Fritz Lang ya 1937, akaonyesha nini ni kipya. Jarida la Time, ambalo nalo lilikuwa limeidharau, likaiweka kwenye jalada la Desemba 8, kwa mchoro wa Robert Rauschenberg.

Kuhusu fedha sina mengi. Studio ya Warner Bros. haikuiamini: iliitoa shingo upande, ikaiondoa, kisha ikairudisha kumbini mwanzoni mwa 1968 kelele zilipozidi. Iligharimu kama dola milioni 2.5, ikaingiza zaidi ya milioni 50 Marekani pekee. Beatty, aliyekubaliwa asilimia 40 ya mapato na watu wasiotarajia mapato, alitajirika. Ilipendekezwa kwa tuzo 10 za Oscar, ikapata mbili: ya Estelle Parsons, mwigizaji msaidizi, na ya Burnett Guffey kwa upigaji picha. Kufikia hapo kiti cha Crowther kilikuwa kimekwisha kukaliwa na Renata Adler.

Historia nayo iliumia kidogo. Filamu inamwonyesha Frank Hamer, askari aliyewavizia, akikamatwa na kudhalilishwa nao. Ukweli ni kwamba hakuwahi kukutana nao kabla ya siku ile ya mwisho. Mjane wake alishtaki, akalipwa. Hili wasifiaji wengi waliliruka, na nadhani hapo Crowther, pamoja na ukaidi wake, alikuwa na haki ya kuuliza nani anasema kweli.

Sababu yangu ni hii. Mwaka jana, katika kurasa hizihizi, nilihakiki tamthiliya ya mwanafunzi mwenzetu. Niliisoma mswada, nikaenda siku ya mazoezi, nikakaa peke yangu mstari wa mbele na daftari. Niliandika kwamba ni vichekesho vya kupitisha muda. Wiki ya maonyesho nilipita nje ya ukumbi nikasikia watu wakicheka, kisha nikasikia ukumbi mzima ukinyamaza kwa pamoja. Sikuingia. Nilikuwa nimekwisha kuandika.

Mwandishi wake tunakaa naye semina moja. Tunasalimiana, "Mambo?" "Poa," basi. Hajawahi kunigusia neno, nami sijamgusia. Nimesikia kwamba tamthiliya itaonyeshwa tena muhula huu. Nimemwomba mhariri aniachie ukurasa katika toleo lijalo, naye ameniuliza nitaandika nini. Nimemjibu kwamba bado sijaitazama.