Haddon Hall

Haddon Hall ni jumba la kale la mashambani nchini Uingereza. Liko juu ya mwinuko kando ya mto Wye, karibu na mji mdogo wa Bakewell katika kaunti ya Derbyshire. Ujenzi wake ulianza katika karne ya 12 ukaendelea kidogokidogo hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Baada ya hapo karibu hakuna kilichoongezwa, na hilo ndilo linaloitofautisha na nyumba nyingi za makabaila wa Kiingereza.

Historia

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, ardhi ya Haddon ilikuwa mikononi mwa William Peverel. Karibu mwaka 1170 ilihamia kwa ukoo wa Vernon kwa njia ya ndoa, nao waliishi hapo kwa takriban miaka 400. Mwishoni mwa karne ya 12 Richard de Vernon alipewa kibali cha kujenga ukuta na John, ndugu wa mfalme, ambaye baadaye alitawala mwenyewe. Sharti lilikuwa ukuta usizidi futi 12, yaani karibu mita 3.7. Sababu yake si ngumu kuelewa: ukuta mrefu ungeigeuza nyumba kuwa ngome, na kabaila mwenye ngome aliweza kuasi.

Mwaka 1563 Dorothy Vernon, binti wa Sir George Vernon, aliolewa na John Manners. Baba alipofariki mwaka 1565, Haddon ikawa mali yao. Wazao wao walirithi cheo cha Earl wa Rutland na tangu mwaka 1703 wakawa Duke wa Rutland. Makao yao makuu yalikuwa Belvoir Castle katika kaunti ya Leicestershire, hivyo Haddon ilibaki bila wenyeji kwa takriban miaka 200.

Kupuuzwa huko ndiko kulikoiokoa. Kilomita chache tu kutoka hapo, nyumba ya Chatsworth ya karne ya 16 ilianza kujengwa upya mwaka 1687 kufuata mitindo mipya, na sura yake ya zamani ikatoweka. Haddon hakuna aliyejishughulisha kuibadilisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 John Manners, aliyekuja kuwa Duke wa 9, alianza kuikarabati kwa uangalifu, akatengeneza upya hata paa la ukumbi mkuu. Jumba bado ni mali ya ukoo wa Manners na hupokea wageni.

Majengo

Jumba lina nyua mbili, na katikati yake upo ukumbi mkuu wa karne ya 14, ambamo bwana alikula pamoja na watu wake. Kwenye ukuta wake wa mbao kuna pingu ndogo ya chuma. Inasimuliwa kwamba mgeni aliyekataa kunywa alifungwa mkono hapo, kisha kinywaji kikamiminwa ndani ya mkono wa nguo yake. Jikoni bado zimo meza na magogo ya kukatia nyama ya zamani sana.

Kanisa dogo la Mtakatifu Nikolasi lina michoro ya ukutani ya karne ya 15, ukiwemo wa Mtakatifu Kristofa. Wakati wa Matengenezo ya Kanisa ilipakwa chokaa, ikaonekana tena wakati wa ukarabati.

Ukumbi mrefu wa ghorofani, wenye mita 33 hivi, ulijengwa na John Manners. Ulitumika kwa matembezi siku za mvua.

Hadithi ya Dorothy

Dorothy husemwa kwamba alitoroka usiku wakati wa dansi, akashuka ngazi za bustani na kumkimbilia mpenzi wake. Hadithi hiyo ilienea katika karne ya 19, na mwaka 1892 Arthur Sullivan aliitungia opera. Wageni huonyeshwa ngazi hizo hadi leo. Hata hivyo, ukumbi mrefu unaotajwa mara nyingi kuwa mahali pa dansi ulijengwa na mumewe baada ya ndoa, na ni vigumu kueleza jinsi binti aliyemkimbia baba yake alivyorithi nyumba ileile.