Watoto wa Nguruwe na Dawa Ndani ya Chakula

Wasikilizaji wetu, mazungumzo ya leo ni habari ya tumbo la mtoto wa nguruwe. Wenzetu wasiogusa mnyama huyu kwa ajili ya dini yao twawaomba wavumilie kidogo, maana habari yenyewe huanzia bandani ikaishia kitandani mwa mgonjwa, na maradhi hayaulizi dini ya mtu.

Hapa Iyula, katika wilaya ya Mbozi, si ajabu kukuta banda la nguruwe karibu na shamba la kahawa. Jike akizaa watoto kumi, mwenye nyumba huanza kuhesabu ada za shule. Walakini kila mfugaji alijua juma la hofu, nalo ni lile ambalo watoto huachishwa ziwa. Leo wacheza, kesho kutwa mkia umelowa kwa kuhara, mgongo umepinda, na siku ya tatu amekufa mmoja au wawili. Wako wasemao ni kijicho cha jirani. Wengine hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakanunua unga wa manjano na kuuchanganya na pumba. Twataka kueleza desturi hiyo ya kutia dawa katika chakula ilitoka wapi, na kwa nini mataifa yaliyoishika kwa nguvu yameiacha.

Kwanza tulitazame tumbo lenyewe. Maziwa ya mama humfanyia mtoto kazi zaidi ya kumshibisha. Huufunika utumbo kwa kinga inayozuia vijidudu visishike, na sukari ya maziwa hugeuka kuwa uchachu tumboni, ambao vijidudu vibaya hawaupendi. Aachishwapo kwa ghafula, kinga hiyo hukatika siku ile ile. Mara nyingi hukaa siku moja au mbili pasipo kula, maana chakula ni kigeni kwake. Ndani ya utumbo mna vinyweleo vidogo sana, mfano wa kitambaa cha mahameli, ndivyo vinavyofyonza chakula. Katika njaa hiyo vinyweleo hufupika. Kisha njaa humshinda, akala kwa pupa. Chakula hakisagiki vema, kikawa karamu ya vijidudu vya jamii ya koli, na sumu yao huvuta maji ya mwili na kuyamwaga nje. Nguruwe aliyeachwa kwa desturi yake mwenyewe huwaachisha watoto polepole, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Mwanadamu ndiye aliyezikata siku hizo.

Sasa tuje kwenye historia. Mwaka 1945 huko Marekani, mzee mmoja mtaalamu wa mimea, Benjamin Duggar, mwenye umri uliopita miaka 70, alichunguza udongo uliotoka jimbo la Missouri, akaona humo kiumbe kidogo chenye rangi ya dhahabu kitoacho dawa ya kuua vijidudu. Dawa hiyo ikaitwa Aureomycin, nayo ilitangazwa mwaka 1948. Ilitengenezwa kwa kuchachusha, kama pombe, na baada ya kuikamua yalibaki machicha. Kila mama wa hapa kwetu ajua machicha ya pombe hayatupwi, hupewa nguruwe. Basi Wamarekani nao waliwaza vivyo hivyo. Thomas Jukes na Robert Stokstad, waliofanya kazi katika kiwanda kile kile, walikuwa wakitafuta vitamini ya kukuza vifaranga kwa bei nafuu. Mwisho wa mwaka 1948 waliwalisha vifaranga machicha hayo, nao wakakua kupita wale waliopewa vitamini peke yake. Sababu ilikuwa mabaki ya dawa. Nguruwe wadogo walipojaribiwa, wakanenepa vile vile na kuhara kukapungua. Habari ikatangazwa mwaka 1950, na mwaka 1951 serikali ya Marekani ikaruhusu dawa za namna hiyo zitiwe katika chakula cha wanyama pasipo cheti cha daktari. Uingereza ilifuata mwaka 1953.

Ikawa kama mtu aliyeokota fedha njiani. Zamani huko Ulaya watoto wa nguruwe waliachishwa ziwa katika juma la nane. Sasa wafugaji wakashuka hata juma la tatu, ili mama apate mimba tena upesi. Tumbo changa lilishindwa, na dawa ikaficha kushindwa kwake. Kwa maoni yetu hapa ndipo kosa lilipo: dawa haikuwa tena ya mgonjwa, ilikuwa ya kila siku na ya kila mnyama, kwa kipimo kidogo kisichotosha kuua vijidudu vyote. Vile vilivyosalia ni vile vilivyozoea, navyo vikazaa. Tena vijidudu hupeana ujuzi huo, hata jamii moja kwa nyingine, kama jirani aazimavyo jembe.

Mwaka 1969 huko Uingereza kamati ya Michael Swann ilitoa shauri kwamba dawa zinazowatibu watu na wanyama zisitumike kukuza mifugo. Shauri lilifuatwa nusunusu. Waliofanya jambo zima ni Sweden, tangu mwaka 1986, na wakulima wenyewe ndio walioomba sheria hiyo. Isidhaniwe ilikuwa rahisi. Mwaka wa kwanza watoto wengi zaidi waliharisha na kufa baada ya kuachishwa ziwa. Ikawabidi kubadili malezi: kuchelewesha kuachisha, kutandika majani makavu, kutochanganya watoto wa mama mbalimbali, kupunguza protini katika chakula cha majuma ya kwanza. Denmark nayo iliacha kabisa kufikia mwaka 2000, na kati ya miaka 1992 na 2008 dawa zilizotumika kwa kila kilo ya nguruwe zilipungua zaidi ya nusu, ingawa nguruwe wenyewe waliongezeka. Nchi zote za Umoja wa Ulaya zikafuata tarehe 1 Januari 2006.

Wengine walikimbilia zinki. Wataalamu wa Denmark walikuwa wameonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba unga wa zinki, kiasi cha gramu 2.5 za zinki kwa kilo ya chakula, huzuia kuhara kwa majuma mawili yale ya hatari. Kweli huzuia. Lakini zinki nyingi hutoka na mavi, ikalala udongoni mwaka hata mwaka. Kwa hiyo Ulaya ikaikomesha Juni 2022.

Habari iliyoogofya watu kuliko zote ilitoka China mwaka 2015. Ilionekana kwa nguruwe, na kwa watu vile vile, kwamba vijidudu vya koli vimepata njia ya kuishinda dawa iitwayo kolistini, na njia hiyo vyaweza kupeana. Hiyo ni dawa ambayo madaktari huiweka akiba, mgonjwa awapo hospitali na dawa nyingine zote zimeshindwa. Nayo ilikuwa ikitiwa katika chakula cha nguruwe kwa tani nyingi. China ikaikataza kwa kukuza wanyama mwaka 2017, na tangu 2020 ikakataza dawa zote za namna hiyo katika chakula.

Basi nasi wa Mbozi, ambao hatuna haraka ya viwanda, hatuna sababu ya kuachisha watoto kabla ya majuma sita au manane. Waonjeshwe chakula kilichosagwa laini tangu juma la pili. Siku ya kuachisha aondolewe mama, watoto wabaki mahali walipopazoea, wapewe chakula kidogo mara nyingi, maji safi, na malalo makavu. Wasiachwe kuzurura, kwa kuwa uchunguzi uliofanywa Mbozi umeonyesha nguruwe wengi wana vifuko vya tegu, wavipatavyo kwa kula kinyesi cha watu. Na mtu amezapo mayai ya tegu huyo aweza kupata kifafa. Ila mtoto afungwaye kwenye sakafu ya saruji hukosa chuma ambacho wenziwe hukipata kwa kuchimba udongo, naye hupauka. Basi adungwe sindano ya chuma siku zake za kwanza. Na akiharisha kwa kweli, aitwe mtaalamu wa mifugo. Dawa apewe yule aliye mgonjwa, kwa siku zote alizoamriwa, na nyama yake isiuzwe mpaka zipite siku zilizoandikwa juu ya chupa.