Koo na Njia Nyembamba

Mtu wa pwani aliyeelemewa na madeni au msiba husema kwamba maji yamemfika shingoni, wala hapana msikilizaji atakayemwuliza ni maji ya bahari gani. Lakini ni wachache miongoni mwetu waisomao Zaburi ya 69 wanaotambua kwamba mtungaji wake, aliyemlilia Mungu kwa Kiibrania zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliifungua dua yake kwa usemi uo huo. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walitia hapo neno nafsi, nao hawakukosea, kwa kuwa neno la asili ni nefesh, ndugu wa damu wa nafs ya Kiarabu tuliyoipokea sisi. Lakini nefesh hiyo, pamoja na kuwa ni uhai wa mtu na roho yake, ilikuwa ni koo: njia ya pumzi na chakula, ikaukayo kwa kiu na izibwayo na maji.

Ushahidi wa jambo hili umo katika Biblia yenyewe, ambamo nabii Isaya, katika sura ya 5, aieleza kuzimu kuwa imeitanua nefesh yake na kukifumbua kinywa chake bila kiasi, na nafsi isiyo na mwili haitanuliwi sambamba na kinywa. Kisha mwaka 1929 Wafaransa walipoanza kuchimba Ras Shamra, katika pwani ya Shamu, wakafukua vibao vya udongo vya mji wa kale wa Ugarit, ambao lugha yake ilikuwa jamaa ya karibu ya Kiibrania, walipata humo kisa cha Mot, mungu wa mauti, na cha Baali aliyeambiwa kwamba hana budi kushuka katika koo la Mot kama tonge limezwalo. Na neno lililoandikwa hapo kwa koo lina herufi zile zile za nefesh.

Amma kuhusu taabu yenyewe, Waibrania waliiita tsar, yaani mahali pembamba, na metsuka, yaani mbano. Na Zaburi ya 107, inayosimulia habari za waliopotea jangwani, na wafungwa, na wagonjwa, na mabaharia waliotupwa juu na mawimbi na kushushwa vilindini hata wakapepesuka kama walevi, huyarudia maneno hayo mawili pamoja mara 4, kila kundi kwa zamu yake. Sisi nasi tunayo picha hiyo hiyo pasipo kujua: dhiki ni neno la Kiarabu lenye maana ya wembamba, nalo kwa asili ni jamaa ya metsuka, shida hutoka katika kukaza, kama kamba ikazwavyo, na faraja, inayokuja baada ya dhiki kama wasemavyo wazee, ni kufunguka kwa kilichobanwa. Aombaye katika Zaburi ya 4 humshukuru Mungu kwa kumpanulia mahali alipokuwa amesongwa, na hapo wafasiri wetu wakaandika nafasi, neno ambalo katika Kiarabu ni pumzi, na ambalo shina lake ni lile lile la nefesh. Sijui kama walikusudia, ila kila niisomapo aya ile huhisi kwamba koo lililokabwa limerudishiwa pumzi yake.

Wafasiri wa Kiyunani, walioanza kazi yao Aleksandria karne kadhaa kabla ya Kristo, waliigeuza nefesh kuwa psukhe, neno ambalo wanafalsafa wa Kiyunani walikuwa wamekwisha kulitenga na mwili. Kilatini kikafuata kwa anima, na hivyo mwombaji akabaki na roho, ilhali shingo yake imesahauliwa. Hasara hiyo naiona kuwa kubwa.

Hata kilio chenyewe kilikuwa na hukumu yake. Kitenzi tsaak, ambacho pengine hutamkwa zaak, ni kupiga yowe la mtu aliyedhulumiwa, yowe ambalo alisikiaye hana ruhusa ya kukaa kitako. Mwanamke wa Shunemu, katika kitabu cha pili cha Wafalme, aliporejea baada ya kukaa miaka 7 katika nchi ya Wafilisti kwa sababu ya njaa, alikwenda kumlilia mfalme kwa kitenzi hicho apate kurudishiwa nyumba na shamba lake, na mfalme akamwekea akida wa kumrejeshea mali yake yote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka. Basi wana wa Israeli walipopiga yowe hilo Misri katika utumwa wao, walikuwa wakifungua daawa mbele ya Hakimu.

Lakini hapana mahali maneno haya yanapokutana kwa karibu zaidi kuliko Shilo, katika kisa cha Hana, mke wa Elkana, asiyekuwa na mtoto. Mke mwenzake Penina, aliyemchokoza mwaka baada ya mwaka, anaitwa tsara, na tsara ndilo pia neno la dhiki. Wanazuoni huzitenga asili zake mbili, lakini sikio la msikilizaji wa kale lilipokea sauti moja. Hana akawa analia, hali chakula, na Kiibrania chamwita mwenye nefesh chungu, nasi kwa bahati njema tunalo neno uchungu, lililo la ulimi na la moyo pia. Akasimama kuomba, midomo ikicheza na sauti isisikike, na kuhani Eli, aliyeketi penye mwimo wa mlango akikitazama kinywa chake, akadhani amelewa. Hana akamjibu kwa adabu kwamba hakunywa divai wala kileo, bali alikuwa akiimimina nefesh yake mbele za Mungu: kuhani alidhani kitu kimeingia kooni, kumbe koo lenyewe ndilo lililokuwa likimwagwa. Eli akamwambia aende kwa amani. Mwanamke yule akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa tena kama ulivyokuwa.