Bustani ya mboga nyumbani wakati wa kiangazi: Mbeya na Iringa

Kuanzia katikati ya Mei mpaka Novemba mvua hukatika karibu kote Iringa na sehemu kubwa ya Mbeya. Kwa miezi sita hiyo familia nyingi vijijini hupata mboga kwa njia mbili: kununua gengeni au kulima bondeni. Makala haya yanaeleza njia ya tatu, bustani ndogo karibu na jiko inayomwagiliwa kwa ndoo. Wasikilizaji wetu wa Rungwe na Busokelo wako tofauti, kwao kiangazi si kikavu kama kwingine. Wachukue yanayowafaa.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa ndiyo iliyoongoza nchini kwa udumavu: karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Na huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi na viazi! Udumavu una sababu nyingi na mboga peke yake haziumalizi, lakini mtoto anayekula ugali na mboga kidogo sana kwa nusu mwaka yuko kwenye hatari hiyo.

Kwa nini tusiendelee tu na vinyungu?

Wahehe na Wabena wamelima vinyungu tangu zamani. Mvua zikiisha, mkulima anashuka bondeni kwenye ardhi yenye unyevu, anainua matuta na kuchimba mifereji katikati, anapanda maharage, mahindi ya kuchoma, maboga na mboga. Ni kilimo cha akili, na kimesomesha watoto wengi.

Tatizo ni kwamba mabonde hayo ndiyo chanzo cha maji ya walio chini. Mto Ruaha Mkuu, unaopeleka maji bwawa la Mtera, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu mwaka 1993. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na vyanzo vya maji. Kwa wenye vinyungu vyembamba, mita 60 ni shamba zima. Wengi wameambiwa waondoke, na mara nyingi hawakuonyeshwa pa kwenda. Kwa maoni yangu agizo la kuondoka bila kumfundisha mtu njia nyingine ni nusu ya kazi. Bustani ya nyumbani haiwezi kuziba pengo la fedha ambazo kinyungu kilileta, ila inaweza kuziba pengo la mboga.

Kiangazi chetu si cha Ulaya

Siku hizi watu wanajifunza bustani kwa video kwenye simu, na nyingi zinatoka Italia, Hispania au California. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na ukavu huja pamoja na joto. Kwetu ni kinyume: mvua huja na joto, na ukavu huanza na baridi ya Juni na Julai, kisha humalizikia kwenye joto na upepo wa Septemba na Oktoba. Kwa hiyo kalenda yao usiifuate. Mbinu zao za kutunza maji ndizo za kuchukua.

Kuna na hili la vitunguu, ambalo limewatia hasara watu. Kitunguu hutengeneza kichwa kwa kufuata urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya zinangoja mchana wa saa 14 au zaidi, na sisi huku tofauti ya mchana mrefu na mfupi haizidi saa moja hivi. Ukipanda mbegu hizo utavuna majani mazuri na kichwa hakuna. Kamata aina za mchana mfupi kama Red Creole, Bombay Red au Mang'ola Red, na uangalie kwenye pakiti kama ina alama ya TOSCI na tarehe haijapita.

Maji: hesabu ya ndoo

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa kuwa wanaanza na bustani kubwa. Mboga zilizokomaa wakati wa kiangazi zinahitaji kati ya lita 4 na 5 kwa mita moja ya mraba kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 basi linataka ndoo moja ya lita 20 kwa siku, au ndoo mbili kila baada ya siku moja. Kabla hujalima jiulize: nyumba hii inaweza kutoa ndoo ngapi kwa bustani bila mama au binti kuongezewa safari ya kisimani? Kama jibu ni mbili, lima matuta mawili. Matuta mawili ya chainizi, sukuma wiki na mchicha, yakitunzwa, yanaipa familia mboga mara kadhaa kwa wiki.

Maji ya kusuuzia nguo na vyombo yanafaa. Yamwage kwenye udongo, yasiguse majani, na usiyatumie kwa karoti au saladi zinazoliwa mbichi. Maji ya kwanza yenye povu zito la sabuni ya unga peleka kwenye mgomba. Wenye paa la bati wana bahati nyingine: paa la mita 6 kwa 7 linaweza kujaza tenki la lita 1,000 kwa mvua ya milimita 30, ambayo ni mvua moja kubwa ya masika. Lakini usijidanganye na tenki. Kwa ndoo moja kwa siku, lita 1,000 zinaisha kwa siku 50. Mvua ya mwisho ya Mei ikilijaza, lifunge na ulitunze mpaka Agosti na Septemba visima vinaposhuka.

Jinsi tuta linavyochimbwa ndiyo nusu ya umwagiliaji. Masika tunainua matuta ili maji yakimbie. Kiangazi fanya kinyume: tuta liwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 15 hivi, na kingo pande zote, ili kila tone libaki. Changanya samadi iliyooza vizuri, debe moja au mawili kwa kila mita mbili za tuta. Samadi mbichi, hasa ya kuku, itaunguza miche. Juu weka matandazo, yaani nyasi kavu, mabua ya mahindi au majani ya mgomba, unene wa vidole vinne. Walio karibu na Usangu wana pumba za mpunga tele. Sehemu kame kama Isimani na Pawaga matandazo huvuta mchwa, basi yaweke mbali kidogo na shina na uyageuze mara kwa mara. Majani ya milingoti usiyatumie, na bustani isiwe karibu na mti wenyewe, mizizi yake itakunywea maji yote.

Mwagilia asubuhi mapema au jioni. Udongo wa Uyole na Uporoto, uliotokana na majivu ya volkano, unakunywa maji upesi na ni rahisi kulima. Udongo wa mfinyanzi unataka umwagilie polepole, mara mbili kwa kituo.

Baridi ya Juni na Julai

Kabichi, chainizi, figili, karoti, njegere, sukuma wiki na vitunguu havina shida na baridi yetu. Sia kitalu mwezi Mei, hamisha miche baada ya wiki nne hivi. Karoti haihamishwi, isie pale pale itakapokua.

Nyanya, pilipili, maboga na maharage ndiyo huumia. Mufindi, Makete, Umalila na kandokando ya Kitulo, usiku usio na mawingu huleta sakitu, ule umande ulioganda unaoacha majani meusi kama yamechemshwa. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutuama bondeni. Ndiyo maana kinyungu huungua wakati bustani iliyo mteremkoni nyumbani imepona. Ukiona anga jeupe na upepo umetulia jioni, mwagilia udongo kabla jua halijazama, kwa sababu udongo wenye maji hutunza joto zaidi. Kisha funika mimea kwa nyasi au magunia yaliyoinuliwa kwa vijiti, na ufunue jua likitoka.

Kwa nyanya ushauri wangu ni huu: sia kitalu mwishoni mwa Julai, mahali penye kinga, hamisha Septemba mwanzoni. Utaanza kuvuna kabla mvua hazijakolea na kuleta bakajani.

Wadudu wa kiangazi

Vidukari hupenda ukavu. Wanajaa chini ya majani ya chainizi na sukuma wiki. Wakamue kwa vidole wakiwa wachache, au wapulizie maji yenye sabuni ya mche kidogo, kisha suuza kesho yake.

Kantangaze ni kisa kirefu. Mdudu huyu wa nyanya alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006, akazunguka nchi za Mediteranea, akashuka Afrika na kufika Tanzania mwaka 2014. Anazoea dawa haraka, kwa hiyo kupulizia kila wiki dawa ileile ni kumnolea meno. Chuma majani yenye michirizi na matunda yaliyotobolewa, yafukie kwa kina au yafungie kwenye mfuko mweusi juani. Ng'oa mabaki yote ukimaliza kuvuna. Usipande nyanya palipotoka viazi mviringo au nyanya chungu, na mnavu unaojiotea pembeni usiuache, anajificha humo. Kama umelazimika kununua dawa, muulize muuzaji kama imesajiliwa, na uhesabu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuchuma. Mboga hizi wanakula watoto wako.

Novemba mvua zikinusa, geuza kazi. Yabomoe matuta yaliyozama, matandazo yaliyooza yachanganye na udongo, inua matuta upya, na uache mashina mawili matatu bora ya mchicha na mnavu yakomae mbegu za mwakani.