Daimondoidi

Daimondoidi ni molekuli ndogo sana za kaboni na hidrojeni ambazo atomi zake za kaboni zimepangika kama zilivyopangika ndani ya almasi. Kila molekuli ni kama kipande cha almasi kilichokatwa hadi kubaki na atomi chache tu, kisha kingo zake zikazibwa kwa atomi za hidrojeni. Iliyo ndogo kuliko zote huitwa adamantini, yenye fomula C₁₀H₁₆.

Hupatikana kiasili katika mafuta ghafi na katika gesi asilia iliyotoka kwenye miamba yenye joto kali. Hutengenezwa pia viwandani, na matumizi yake makubwa ni katika dawa. Nchini Tanzania jina lake halisikiki sana, lakini wagonjwa wa kifua kikuu katika nchi hiyo, Mbeya ikiwemo, walishiriki jaribio kubwa la dawa iliyojengwa juu ya molekuli hii.

Umbo na tabia

Katika almasi kila atomi ya kaboni imeshikana na nyingine nne, zikielekea pande nne zilizo sawa. Katika adamantini atomi kumi za kaboni hufanya kizimba kilichofungwa pande zote. Nne kati yake zipo kwenye pembe za kizimba na kila moja imebeba hidrojeni moja. Sita zilizobaki zinaunganisha pembe hizo na kila moja ina hidrojeni mbili. Tofauti hii ni muhimu kwa wakemia: kitu kikipachikwa kwenye pembe hupatikana dawa moja, kikipachikwa kati ya pembe hupatikana nyingine yenye tabia tofauti.

Vizimba viwili vikishikana hupatikana diamantini (C₁₄H₂₀), vitatu hufanya triamantini (C₁₈H₂₄), na vinne tetramantini (C₂₂H₂₈). Kuanzia tetramantini vizimba huweza kupangwa kwa namna zaidi ya moja, kwa hiyo fomula moja huwa na maumbo kadhaa.

Adamantini ni unga mweupe wa fuwele wenye harufu ya kafuri. Haiyeyuki katika maji, bali huyeyuka vizuri katika mafuta na petroli. Kiwango chake cha kuyeyuka ni takriban sentigredi 270, ambacho ni kikubwa mno kwa molekuli ndogo kiasi hicho. Hidrokaboni nyingi zenye kaboni kumi ni vimiminika katika joto la kawaida. Sababu ni umbo lake la karibu duara, ambalo hupangika vizuri katika fuwele. Ikiachwa wazi huvukiza polepole bila kupitia hali ya kimiminika.

Isichanganywe na almasi za nano, ambazo ni chembe za almasi halisi zenye atomi maelfu. Wala daimondoidi si ngumu kama almasi: unga wake ni laini, kwa sababu molekuli zake hazikushikana zenyewe kwa zenyewe. Uimara uko ndani ya kila kizimba, si kati ya kimoja na kingine.

Ugunduzi

Adamantini iligunduliwa mwaka 1933 na wanakemia Stanislav Landa na Vladimír Macháček katika mafuta ghafi ya Hodonín, Chekoslovakia. Jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya almasi au kisichovunjika. Vladimir Prelog aliitengeneza maabarani mwaka 1941, lakini kwa njia ndefu iliyotoa kiasi kidogo mno. Mwaka 1957 Paul von Ragué Schleyer alipata njia rahisi ya kubadili hidrokaboni nyingine kuwa adamantini kwa msaada wa kloridi ya alumini. Bila njia hiyo, dawa zinazotajwa hapa chini zisingewezekana kwa bei ya kawaida. Daimondoidi kubwa zaidi zilisubiri hadi mwaka 2003, watafiti wa kampuni ya Chevron walipotangaza kuzitenga kutoka katika mafuta ya petroli.

Katika mafuta na gesi

Mafuta yakizikwa chini sana na kupata joto kali, molekuli zake ndefu huvunjika na kuwa gesi. Daimondoidi hazivunjiki kwa urahisi, kwa hiyo kiwango chake katika mafuta yaliyobaki hupanda, mfano wa maji ya chumvi yanayochemshwa sufuriani: maji hupungua, chumvi hubaki. Wanajiolojia hutumia kiwango hicho kukadiria ni kiasi gani cha mafuta kimeshageuka gesi. Kwa wachimbaji lakini ni kero pia, kwa kuwa gesi inapopanda na kupoa daimondoidi huganda na kuziba mabomba.

Uwanda wa juu wa Ufipa, wenye mji wa Sumbawanga, unatazama Bonde la Rukwa, na ukingo wa Lyamba lya Mfipa ndio mteremko kati yao. Bonde hilo lina tabaka nene za mashapo, jambo lililowavutia watafutaji wa mafuta. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili upande wa kusini wa bonde, Ivuna na Galula, lakini havikutoa mafuta. Gesi iliyolipatia Rukwa jina tangu mwaka 2016 ni heli, ambayo hutoka pamoja na nitrojeni; hutokana na kuoza kwa urani na thori katika miamba ya kale, si mabaki ya viumbe, hivyo haina uhusiano na daimondoidi.

Almasi zenyewe pia hazikutarajiwa Ufipa. Zile za Mwadui, Shinyanga, zililetwa juu na miamba ya kimberliti kutoka kina cha kilomita 150 hivi chini ya gamba la kale la katikati ya Tanzania, ilhali Ufipa umekaa juu ya mkanda wa miamba wa Ubendi uliopo pembeni mwa gamba hilo.

Kimondo cha Ivuna

Almasi ndogo zinazohusishwa na Bonde la Rukwa zina asili ya mbali zaidi. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, mahali palipojulikana tangu zamani kwa uchemshaji wa chumvi. Vipande vilivyookotwa vina uzito wa gramu 705 tu. Si kile cha Mbozi, ambacho ni donge la chuma la tani nyingi. Cha Ivuna ni jiwe jeusi laini lenye kaboni na maji.

Ingawa ni kidogo, wanasayansi walikipa heshima kubwa: kundi zima la vimondo vya aina hiyo huitwa CI, na herufi I ni ya Ivuna. Hadi leo vimondo vya kundi hilo vilivyoonekana vikianguka vinahesabika kwa vidole. Muundo wake wa elementi unakaribiana sana na ule wa Jua, ukiondoa gesi nyepesi, kwa hiyo hutumika kama kipimo cha malighafi iliyounda sayari.

Vimondo vya kundi hili vina almasi za nano, kila moja ikiwa na upana wa nanomita chache. Baadhi yake zimebeba gesi ya zenoni yenye isotopi za ajabu, dalili kwamba zilitokea kwenye nyota nyingine kabla ya Jua kuwapo. Nuru ya infraredi kutoka kwa nyota changa iitwayo HD 97048 ina alama zinazolingana na zile za almasi ndogo na daimondoidi kubwa, na hivyo kizimba hiki cha kaboni huenda kikawa cha kawaida zaidi angani kuliko ardhini.

Matumizi katika dawa

Kuta za seli zimetengenezwa kwa mafuta, na dawa nyingi hushindwa kuzipenya. Adamantini hupenda mafuta, hujaza nafasi kama mpira mdogo, na vimeng'enya vya mwili huchelewa kuivunja. Ndiyo maana wakemia huipachika kwenye molekuli nyingine ili kuisaidia kupenya au kudumu.

Dawa ya kwanza ilikuwa amantadini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1966 dhidi ya homa ya mafua ya aina A. Huziba tundu dogo la protini ambalo virusi hulitumia kupitisha protoni. Mwaka 1968 mgonjwa mmoja wa Parkinson aliyekuwa akiitumia kujikinga na mafua aliona mitetemeko inapungua, na dawa ikapata kazi ya pili ambayo inaendelea nayo. Kazi ya kwanza iliisha: virusi vya mafua vilibadilika, na tangu mwaka 2006 Marekani iliacha kuipendekeza kwa mafua.

Memantini ilianza vibaya. Ilitengenezwa miaka ya 1960 ikitarajiwa kushusha sukari, ikashindwa, na baadaye ikawa dawa ya ugonjwa wa Alzheimer. Miongo minne baadaye kizimba kilekile kilirudi kwenye kisukari kwa mafanikio, ndani ya vildagliptini na saksagliptini zinazotumiwa na wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili.

SQ109 na kifua kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza matibabu Sumbawanga, kama kwingineko Tanzania, hupewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Moja ya zile nne ni ethambutoli, iliyogunduliwa mwaka 1961. Miezi sita ni mirefu. Wengi hujisikia nafuu mapema na kuacha dozi, na bakteria waliobaki huweza kuwa sugu. Kwa hiyo dawa ya kufupisha muda huo imetafutwa kwa miaka mingi.

Kampuni ya Sequella na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilichukua kiini cha ethambutoli na kutengeneza zaidi ya molekuli 60,000 zinazofanana nayo. Iliyoshinda iliitwa SQ109. Upande mmoja ina mnyororo wa mafuta, upande mwingine adamantini, iliyoshikwa kati ya pembe badala ya penye pembe. Ilipochunguzwa ikaonekana haifanyi kazi kama mzazi wake. SQ109 huzuia protini iitwayo MmpL3, ambayo bakteria huitumia kusafirisha mafuta ya kujengea ukuta wake wa nje. Kwa sababu hiyo iliua hata bakteria sugu kwa ethambutoli.

Muungano wa watafiti wa Afrika na Ulaya uitwao PanACEA uliipima dawa hiyo kwa wagonjwa 365 katika vituo saba vya Tanzania na Afrika Kusini, kuanzia Mei 2013 hadi Machi 2014. Kimoja cha vituo hivyo ni kituo cha utafiti cha NIMR mjini Mbeya, jiji ambalo hospitali yake ya rufaa ya kanda hupokea pia wagonjwa wa Rukwa. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matano: mawili yalipewa SQ109 miligramu 300 kwa siku badala ya ethambutoli, moja rifampisini ya kiwango cha juu, moja moksifloksasini, na la mwisho matibabu ya kawaida. Kila wiki makohozi yalioteshwa maabarani kuona kama bakteria bado wanakua.

Jaribio lilipangwa kwa namna iliyokuwa mpya katika kifua kikuu: matokeo yalitazamwa katikati ya safari, na kundi lisiloonyesha matumaini likafungwa bila kusubiri mwisho. Makundi yote mawili ya SQ109 yalifungwa hivyo, kwa kuwa makohozi hayakusafishika haraka kuliko kwa dawa za kawaida. Iliyofanikiwa ni dawa ya zamani. Kwa wagonjwa waliopewa rifampisini miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito, badala ya 10, nusu yao walikuwa wamesafika ndani ya siku 48, dhidi ya siku 62 kwa matibabu ya kawaida, katika uoteshaji wa kimiminika.

Sababu moja ya kushindwa ilishaonekana kabla, katika utafiti mdogo wa siku 14 mjini Cape Town. Rifampisini huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huivunja SQ109 kabla haijafika mapafuni kwa kiwango cha kutosha. Kizimba hakivunjiki, lakini mkia wake huvunjika. Dawa iliendelea kujaribiwa nchini Urusi kwa kifua kikuu sugu, ambako rifampisini haitumiki. Protini ya MmpL3 nayo imekuwa shabaha ya watafiti wengi, na hilo pengine ndilo zao kubwa la SQ109.

Arterolani na malaria

Malaria huwasumbua zaidi wakazi wa bondeni karibu na Ziwa Rukwa kuliko wa uwanda wa juu wenye baridi. Dawa mseto zinazotumika Afrika Mashariki hutegemea artemisinini, inayotokana na mmea wa Artemisia annua. Nguvu yake iko kwenye atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, ambazo hulipuka zikikutana na chuma ndani ya kimelea kinachokula damu.

Mwaka 2004 watafiti walitangaza arterolani, dawa ya maabara yenye kiungo hichohicho cha oksijeni kando ya kizimba cha adamantini. Kizimba hufanya kazi ya ngao: hukizuia chuma kisiifikie oksijeni mapema mno, bila kuifunga kabisa. Ilianza kuuzwa India mwaka 2012 ikichanganywa na piperakwini. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watoto wenye malaria walipewa arterolani na piperakwini pamoja na meflokwini, na mchanganyiko huo wa dawa tatu haukuwa duni kuliko dawa mseto ya kawaida. Jambo hilo lina uzito kwa sababu vimelea vyenye mabadiliko yanayodhoofisha artemisinini vimeshapatikana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Hata hivyo arterolani huua kwa njia inayokaribiana na ya artemisinini, kwa hiyo si mbadala kamili.

Rimantadini, ndugu wa amantadini, imeua vimelea vya malale katika maabara, lakini haijawa dawa ya ugonjwa huo.

Matumizi mengine

Adamantini hutumika kutengeneza plastiki zinazostahimili joto na kemikali za kuchora saketi za kompyuta. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba tabaka moja la tetramantini juu ya dhahabu hutoa elektroni zenye nishati inayokaribia kuwa sawa, sifa inayotafutwa katika hadubini za elektroni.